Kwa nini sikio huuma chini ya maji, na kwa nini kupuliza kwa nguvu si dawa

Sikio linalouma chini ya maji haliumi kwa sababu maji yameingia. Linauma kwa sababu hewa ya kutosha haijaingia. Kauli hii huwashangaza hata watu waliokulia ufukweni, maana tangu utotoni tumezoea kumwona mtu akitoka majini, anainamisha kichwa upande, anarukaruka kwa mguu mmoja ili maji yatoke. Maji hayo ni ya kwenye tundu la nje tu, na kwa kawaida hayana neno. Maumivu anayoyapata mtu akizama mita mbili tatu kuokota kitu chini ya bwawa la kuogelea, au kumfuata pweza kwenye shimo lake, yana asili nyingine kabisa. Ndiyo maana pamba, vizibo na matone ya mafuta ya nazi haviyaondoi.

Tuanze na uzito wa maji. Hewa iliyo juu yetu, tukiwa usawa wa bahari, inatugandamiza kwa kiasi kinachoitwa atmosfia moja. Ukizama mita 10 baharini, maji yaliyo juu yako yanaongeza atmosfia nyingine nzima. Kwa hiyo mita 10 ni atmosfia mbili, mita 20 ni tatu, mita 30 ni nne. Sehemu kubwa ya mwili haijali, kwa kuwa ni majimaji, nyama na mifupa, vitu ambavyo havisinyai vikigandamizwa. Penye taabu ni penye hewa: mapafu, mianya iliyomo ndani ya mifupa ya uso, nafasi iliyo ndani ya maski, na sikio la kati.

Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari wanaikariri mpaka leo: mgandamizo ukizidi mara mbili, ujazo wa hewa hubaki nusu. Wanaikariri, wanafanya hesabu zake kwenye mtihani, halafu Jumamosi wanakwenda kuogelea bila kuihusisha na masikio yao. Chukua puto lenye lita moja ya hewa juu ya maji. Likifika mita 10 lina nusu lita, mita 20 lina theluthi, mita 30 lina robo. Mita 10 za kwanza zimekula nusu ya hewa nzima, ilhali zile za kutoka 20 hadi 30 hazikufikisha hata sehemu moja ya kumi ya lita. Mabadiliko makubwa yako karibu na uso wa maji. Ndiyo maana masikio mengi huumizwa katika mita chache za mwanzo, na anayesema "mimi sizamii mbali, masikio yangu yako salama" amekosea hesabu.

Ndege inaweza kutupa kipimo. Ndege ya abiria ikiwa angani, hewa ya ndani huwekwa kwenye kiwango kisichopungua kile cha mlima wa mita 2,400 hivi, yaani pungufu ya robo atmosfia ukilinganisha na pwani. Ikitua, mabadiliko yote ambayo masikio yako yanapitia ni sawa na kuzama mita mbili na nusu, na rubani anatumia karibu nusu saa kukushusha. Basi linalotoka Lushoto kwenda Mombo linateremka kama mita 1,000. Abiria huanza kumeza mate na kupiga miayo wakiwa bado kwenye kona, na kwa hesabu za maji hiyo ni mita moja tu na kidogo. Mtu anayejitosa kichwa chini akipiga mapezi anayamaliza mabadiliko hayo kwa sekunde moja au mbili.

Mlango mmoja wa chumba kidogo

Sikio lina sehemu tatu. La nje ni tundu tunaloliona, nalo linaishia kwenye ngoma ya sikio, utando wenye upana wa milimita 9 hivi na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyuma ya ngoma ni sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa ambamo vifupa vitatu (nyundo, fuawe na kikuku) vinapokezana mtetemo wa sauti. Ng'ambo yake ni sikio la ndani, lililojaa majimaji, lenye kazi ya kusikia na kazi ya kuupa mwili mizani. Kati ya sikio la kati na la ndani kuna vidirisha viwili vidogo. Kimojawapo, dirisha la duara, kimezibwa kwa utando mwembamba sana, na tutakirudia.

Kama chumba cha kati kingekuwa kimezibwa pande zote, hata kupanda mlima kungekuwa mateso. Kwa bahati kina mlango mmoja: mrija wa Eustachi, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, daktari wa Kiitaliano wa karne ya 16 aliyechunguza maumbile ya mwili. Kwa mtu mzima una urefu wa milimita 35 hivi. Unatoka sikio la kati na kuteremka hadi nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini. Theluthi yake iliyo upande wa sikio imezungukwa na mfupa na iko wazi muda wote. Theluthi mbili za upande wa koo ni gegedu na nyama laini, na hizo kwa kawaida zimelaliana, zimeshikana. Hufunguka kwa kitambo kidogo tu misuli ya kaakaa inapovuta, yaani ukimeza au ukipiga miayo. Ule mlio mdogo wa "tik" unaousikia ukimeza mate mahali palipotulia ni mrija unaofunguka.

Kwa watoto wadogo mrija huu ni mfupi na umelala karibu usawa. Ndiyo sababu mafua ya mtoto huhamia sikioni upesi, na ndiyo sababu ndege ikikaribia kutua vilio huanza safu moja baada ya nyingine.

Sasa tumshushe mtu majini polepole bila yeye kufanya lolote. Maji yanasukuma ngoma kutoka nje. Nyuma ya ngoma kuna hewa ileile aliyoondoka nayo juu, yenye atmosfia moja, wakati mwili wake wote umeshapata mgandamizo wa maji. Baada ya sentimita chache anahisi sikio limejaa. Akifika sentimita 80 hivi, ngoma imesukumwa ndani kiasi cha kuleta usumbufu, na kwa wengine maumivu. Akifika mita moja na sentimita 20 hivi, hapo ndipo penye kiini cha mambo yote: mrija unajifunga.

Unajifunga kwa sababu sehemu yake laini iko katikati ya pande mbili zisizolingana. Upande wa koo mgandamizo ni mkubwa, upande wa sikio ni mdogo. Nyama laini inanyonywa kuelekea kwenye upungufu, kuta za mrija zinagandana, na misuli ya kaakaa haina tena ubavu wa kuzitenganisha. Mtu akibana pua na kuanza kupuliza wakati huo, hewa anayoisukuma kutoka kooni inazidi kuubana mlango uleule anaotaka ufunguke. Anapuliza zaidi, uso unaiva, hakuna kinachotokea. Kisha anajiambia masikio yake ni mabovu.

Masikio yake hayana ubovu wowote. Amechelewa tu. Kilichobaki ni kupanda juu mita moja au zaidi mpaka tofauti ipungue na mrija ulegee, ndipo ajaribu tena. Ukielewa jambo hili, ushauri wote unaotolewa kwenye vyuo vya uzamiaji unajieleza wenyewe: sawazisha, yaani peleka hewa kwenye sikio la kati ilingane na mgandamizo wa nje, kabla hujatoka juu ya maji, kisha sawazisha kila nusu mita hadi mita moja unaposhuka, na usisubiri maumivu yakukumbushe. Ushauri unaosikika mara nyingi zaidi mitaani, "ukisikia linauma, bana pua upulize", una makosa mahali pamoja tu, kwenye neno "ukisikia", lakini kosa hilo linatosha kuharibu kila kitu.

Na akilazimisha kushuka? Ngoma inayobeba mita 3 za maji bila kusawazishwa inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa gramu 200, na hiyo ni juu ya utando mwembamba niliokwisha kuutaja. Kwanza utando wa ndani ya sikio la kati unavimba, na vimishipa vya damu vinapasuka. Majimaji na damu vinaanza kujaza chumba, maana mwili nao unatafuta kuondoa ule upungufu kwa chochote ulicho nacho. Ngoma nayo inaweza kupasuka. Ngoma za watu hazilingani: zipo zinazoachia kabla ya mita mbili, zipo zinazovumilia mita tano.

Mbinu tatu, na kazi ya ulimi

Mbinu inayojulikana zaidi ina jina la Antonio Maria Valsalva, Mwitaliano mwingine, aliyeieleza mwaka 1704. Hakuwa akiwafikiria wapiga mbizi. Alitaka kutoa usaha kwenye sikio la kati. Unabana pua, unafunga mdomo, unasukuma hewa kwa kifua mpaka masikio yafunguke. Ni rahisi kufundisha, ndiyo sababu imeenea. Tatizo lake ni kwamba injini yake ni kifua na tumbo, misuli yenye nguvu nyingi kuliko inavyohitajika kwa mrija wa milimita 35, na mtu mwenye hofu hajui kuipima. Ukiitumia, iwe kwa upole, na kila msukumo usizidi sekunde tano.

Ya pili ni ya Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa London katika karne ya 19: bana pua, meza mate. Kumeza kunaufungua mrija, na pua iliyobanwa inabadilisha mgandamizo nyuma yake. Ni mbinu ya upole, nzuri hasa wakati wa kupanda juu. (Toynbee alifariki mwaka 1866 akijifanyia majaribio ya kuvuta mvuke wa dawa akitafuta tiba ya mlio wa masikioni. Alikuwa mtu wa masikio mpaka mwisho.)

Ya tatu ndiyo ninayoipigia debe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Hermann Frenzel, daktari Mjerumani, aliieleza kwa ajili ya marubani wa ndege za kivita zilizokuwa zikiporomoka karibu wima kudondosha mabomu. Marubani hao walihitaji kufungua masikio haraka, bila kupoteza nguvu. Katika mbinu ya Frenzel kifua hakihusiki kabisa. Koo linafungwa, hewa kidogo iliyobaki mdomoni na nyuma ya pua inakuwa ndiyo mali yote, na ulimi unafanya kazi ya pistoni ya pampu ya baiskeli.

Jifunze nchi kavu, mbele ya kioo. Bana pua kwa vidole viwili. Ziba koo kwa kujikaza vile unavyojikaza unapotaka kunyanyua kitu kizito, hapo utahisi pumzi imekatika shingoni. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Kisha inua sehemu ya nyuma ya ulimi, kana kwamba unataka kutamka "K" lakini sauti haitoki. Tazama kioo: tundu za pua zinavimba kidogo chini ya vidole, na kwa mwanamume kikoromeo kinapanda na kushuka. Weka mkono wa pili juu ya tumbo. Tumbo likikaza, umerudi kwa Valsalva bila kujua. Likitulia na masikio yakalia "tik", umeipata. Wengine huipata siku hiyohiyo, wengine huisumbukia wiki kadhaa, na hakuna namna ya kuharakisha zaidi ya kurudiarudia ukiwa umekaa kwenye daladala au unangoja maji yachemke. Ipo na ya nne, ambayo wazamiaji Wafaransa wameiendeleza sana: kuufungua mrija kwa misuli ya koo pekee, bila kugusa pua. Wanaoiweza ni wachache, na mengi yanategemea maumbile.

Kwa anayeogelea kawaida, au anayezama na mtungi wa hewa mgongoni, tofauti kati ya mbinu hizi ni ya usalama na starehe. Kwa anayezama kwa pumzi moja ni tofauti ya kufika au kutofika. Valsalva inataka hewa itoke mapafuni, na mapafu yenye lita 6 juu ya maji yana lita moja na nusu tu kwenye mita 30. Hapo hakuna cha kusukuma. Frenzel inahitaji hewa ya kujaza mdomo tu. Mabingwa wa kuzama kwa pumzi hupandisha hewa mashavuni mapema, wakiwa bado si mbali na juu, na kuitumia kidogokidogo njia yote ya kushuka.

Kichwa chini au miguu chini

Jambo moja husahaulika. Mtu anayeshuka kichwa chini anasawazisha kwa shida kuliko anayeshuka miguu ikitangulia. Damu inakusanyika kichwani, utando wa mrija unavimba, na hewa ya mapafuni inataka kubaki juu, ambako sasa ni upande wa miguuni. Kwa hiyo mwenye mtungi ashuke wima, miguu chini, akishikilia kamba ya nanga ili kasi iwe mikononi mwake. Sikio moja likigoma, ainamishe kichwa ili sikio lile liangalie juu, ajaribu tena bila pupa. Anayelazimika kwenda kichwa chini asiinue kidevu kutazama anakokwenda, kwa kuwa shingo iliyokunjwa nyuma inakaza koo lote.

Wazamiaji lulu wa Ghuba walikuwa na mpangilio wa kuvutia kwa upande huu. Kuanzia Kuwait na Bahrain hadi pwani ya Omani walishuka miguu chini, mguu mmoja ukiwa kwenye kamba ya jiwe lililowavuta hadi sakafu ya bahari. Puani walivaa kibanio kilichochongwa kwa pembe, mfupa au gamba la kasa, walichokiita fitam. Kibanio kilizuia maji yasipande puani na kuacha mikono yote miwili huru kwa chaza. Ukikitazama kwa macho ya Toynbee na Frenzel, kilifanya na kazi nyingine: pua imeshabanwa kabla safari haijaanza, na kinachobaki ni kumeza au kuinua ulimi. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, wengi waliokuwa kwenye kamba hizo walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu na bara lake. Mashua ilizamisha watu tangu asubuhi hadi jioni msimu mzima, na pamoja na ufundi wote huo masikio yaliyopasuka yalikuwa sehemu ya kazi.

Hapo linaibuka swali ambalo vijana wanaozamia jongoo bahari na kambakoche wana haki ya kuliuliza: kama ngoma iliyopasuka inaondoa maumivu, si bora ipasuke? Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Mgiriki Haggi Statti, mzamiaji wa sifongo, ambaye mwaka 1913 alizama kwa pumzi moja zaidi ya mita 70 karibu na kisiwa cha Karpathos akaipata nanga iliyopotea ya manowari ya Kiitaliano, Regina Margherita. Madaktari wa meli walipomkagua walikuta ngoma moja imetoweka na nyingine ina tundu. Hakuwa na cha kusawazisha, maana maji yalipita yenyewe. Baadhi ya Wabajau wa bahari za Ufilipino, Malaysia na Indonesia nao wamejulikana kuziacha ngoma zipasuke wangali vijana, na wakizeeka wengi wao husikia kwa shida.

Jibu liko kwenye sikio la ndani. Tundu likitokea majini, maji yanaingia ghafla kwenye sikio la kati na kupoza ukuta wa sikio la ndani, mahali pa mizani ya mwili. Upande mmoja ukipoa na mwingine ukabaki na joto la mwili, ubongo unapokea habari mbili zisizopatana, na dunia inazunguka. Usijifariji kwamba bahari yetu ni ya vuguvugu. Hospitalini, madaktari wanapotaka kupima mizani ya mgonjwa, humwagia sikioni maji ya nyuzi 30 kisha ya nyuzi 44. Nyuzi 30 zinatosha kumletea mtu aliyelala kitandani kizunguzungu kikali, na bahari ya Zanzibar mara nyingi iko chini ya hapo. Sasa mweke mtu huyo mita 8 chini, pumzi imebana, hajui juu ni wapi, na kichefuchefu kinapanda. Kizunguzungu hicho hupungua baada ya dakika moja hivi, maji yakishapata joto la mwili, lakini mwenye pumzi moja hana dakika ya kungoja. Atakayesalimika atabaki na tundu linaloruhusu maji yenye vijidudu kuingia kila anapooga, na sikio linalotoa usaha mwaka hadi mwaka.

Kuna jeraha baya kuliko hilo, nalo huletwa na kupuliza. Mtu ambaye mrija wake umeshafungwa akijikaza kwa nguvu zote, mgandamizo wa majimaji ya kichwani unapanda na kufika hadi sikio la ndani, wakati upande wa pili, kwenye sikio la kati, kuna upungufu. Lile dirisha la duara linasukumwa kutoka ndani kwenda nje na linaweza kuchanika. Ngoma ya sikio hupona. Majimaji ya sikio la ndani yakivuja, usikivu unaweza kupotea usirudi. Dalili zake ni kizunguzungu kisichoisha, mlio sikioni na kusikia kunakopungua ghafla, hata kama maumivu ni madogo. Hilo ni la kwenda hospitali siku ileile, si la kungoja mpaka Jumatatu.

Mafua, vizibo na safari ya kurudi

Kupanda juu kwa kawaida hakuna kazi. Hewa ya sikio la kati inatanuka na kujitoa yenyewe, kwa kuwa mrija hufunguka kwa urahisi zaidi hewa ikitoka ndani. Wakati mwingine sikio moja hutangulia na jingine likachelewa, ndipo mtu anapopata kizunguzungu cha sekunde chache. Shika kamba, tulia, kitapita. Tatizo halisi ni mrija unaokataa kuitoa hewa, na hapo sikio huuma kadiri unavyopanda. Mwenye mtungi anaweza kushuka tena kidogo, akameza mate na kupanda polepole. Mwenye pumzi moja hana uchaguzi huo. Vyovyote iwavyo, usipulize kwa Valsalva unapopanda, maana utakuwa unaongeza hewa kwenye chumba ambacho tayari kimejaa.

Mara nyingi hali hiyo inatokana na mafua na dawa zake. Mtu anameza kidonge chenye pseudoefedrini au anapuliza oksimetazolini puani, uvimbe unapungua, anashuka vizuri. Nguvu ya dawa inaisha akiwa chini. Utando unavimba tena na hewa imenaswa ndani. Ukiwa na mafua yanayokuziba pua, kaa pwani siku hiyo. Najua kwamba kwa mtalii ni hasara ya siku moja na kwa mvuvi ni hasara ya chakula cha nyumbani, na ushauri huu haulingani uzito kwa wote wawili. Mrija nao haujui tofauti hiyo.

Vizibo vya masikio ni vya kuogelea juu ya maji tu. Ukizama navyo, umetengeneza chumba kingine chenye hewa kati ya kizibo na ngoma, na chumba hicho hakina mrija wala mlango. Maji yanasukuma kizibo ndani na ngoma inavutwa kwa nje. Kofia ya kuzamia inayobana sana huleta matokeo hayohayo. Miwani midogo ya kuogelea nayo haina njia ya kupokea hewa kutoka puani, kwa hiyo ukishuka nayo mita kadhaa inanyonya macho hadi mishipa midogo ipasuke na jicho liwe jekundu. Maski ya kuzamia lazima ifunike pua, iwe na sehemu laini ya kuibania kwa nje, na ushuke ukitoa hewa kidogo puani kila inapoanza kuubana uso.

Hata bila kuzama, maji yanaweza kupasua ngoma. Vijana wanaoruka makachu, yaani kujirusha baharini kutoka ukutani, pale Forodhani, Unguja, wakitangulia na upande wa kichwa, hewa ya kwenye tundu la sikio inagongwa kwa kishindo kimoja, na hakuna mbinu ya kusawazisha inayowahi kishindo hicho.

Sikio likishaumia, kazi ni kuliacha. Kama baada ya kutoka majini linahisi limejaa na sauti zinasikika za mbali, huenda kuna majimaji nyuma ya ngoma, nayo huondoka kwa siku kadhaa bila wewe kuyapuliza. Usizame tena mpaka usikivu umerudi na mrija unafunguka kwa urahisi nchi kavu. Ukiona damu au majimaji yanatoka, au ulisikia mpasuko na maumivu yakatulia ghafla, chukulia kwamba ngoma ina tundu mpaka daktari wa masikio, pua na koo alitazame kwa taa yake. Matundu mengi huziba yenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi miwili, mradi yasiingie maji. Ukioga, weka kwenye tundu la nje pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Usitie matone ya aina yoyote kabla hujachunguzwa, yawe ya duka la dawa au ya mitishamba ya nyumbani: yapo ambayo hayana madhara kwenye ngoma nzima, lakini yakipita kwenye tundu na kufika dirisha la duara yanaharibu usikivu wenyewe.